Karatasi ya Damu Si Hukumu: Mazungumzo Juu ya Vipimo vya Aleji

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wa huduma za jamii mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kitui na Makueni. Tumeyachapa ili vikundi ambavyo havikuwakilishwa navyo viyasome na kuyajadili.)



Nimeombwa niseme juu ya aleji, au mzio kama unavyoitwa kwa Kiswahili cha vitabuni. Ombi hili halikutoka ofisini. Lilitoka kwa kikundi kimoja cha akina mama walioandika wakiuliza hivi: "Damu ya mtoto ikipimwa, na karatasi ikasema asile maziwa, ndengu wala mahindi, sasa huyo mtoto ale nini?"

Nilipoisoma barua hiyo nilinyamaza kidogo. Swali lenyewe nilikuwa nalijua. Nililikuta nyumbani kwa mama mmoja miaka kadhaa iliyopita, na sikulijibu vizuri. Kwa hivyo, kabla ya kufundisha mtu, nitaanza na kosa langu mwenyewe.

KOSA LANGU

Nilikuwa nikitembelea boma moja upande wa Kitui ulio mkavu. Mama wa boma hilo alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Mtoto alijikuna usiku kucha. Ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka nyuma ya magoti na kwenye viwiko, na tumbo lilimsumbua mara kwa mara. Mama akasikia kwamba mjini kuna watu wanaopima damu na kutaja vyakula vyote ambavyo mwili hauvitaki. Akauza mbuzi wawili, akampeleka mtoto. Akarudi na karatasi yenye vyakula 11 vilivyowekwa alama nyekundu: maziwa, mayai, ndengu, maharagwe, mahindi, njugu karanga, ngano, ndizi, nyanya, samaki na nyama ya kuku.

Hebu fikirini. Muthokoi umeondoka. Ndengu zimeondoka. Chapati imeondoka. Maziwa ya mbuzi waliobaki yameondoka. Kilichobaki ni uji mtupu wa mtama, viazi vitamu kama vipo, na mboga za majani. Na mwaka huo mvua ilikuwa imekataa.

Mama aliniletea karatasi nimsomee kwa sababu ilikuwa ya Kiingereza. Nikamsomea. Wala sikuishia hapo. Nilichukua kalamu nikamwandikia ile orodha kwa Kikamba, akaibandika ukutani jikoni. Nilijiona nimesaidia kweli. Karatasi ilikuwa na mhuri na nambari zenye nukta. Nani angeibishia?

Nilirudi baada ya miezi minne. Tulipomfunga mtoto ule ukanda wa kupimia mkono, ulisoma nyekundu, yaani mkono ulikuwa chini ya sentimita 11.5. Hiyo ni hatari ya kifo kwa mtoto. Na kujikuna kulikuwa kule kule. Mama alikuwa ametii kila neno nililoandika.

Tulimkimbiza hospitalini. Afisa wa kliniki aliyetupokea aliiweka karatasi kando, akamwuliza mama: "Mara ya mwisho alipokunywa maziwa, alipata nini?"

"Hakupata kitu. Amekunywa tangu aache kunyonya."

"Na ndengu?"

"Hakuna kitu."

Wakaenda hivyo, chakula kimoja kimoja, mpaka wakafika kwa mayai. Hapo mama akasema: "Ee, yai. Nilimpa yai mara mbili. Mara zote mbili mdomo ulivimba kabla sijamaliza kuosha sufuria, na akatapika."

Basi. Katika vyakula 11, kimoja tu ndicho kilikuwa na kesi ya kujibu. Na mama alikijua tangu mwanzo! Hakuna mtu aliyemwuliza. Hata mimi, niliyesomea kazi ya kusikiliza watu, sikumwuliza.

KINGAMWILI NI NINI?

Ndani ya damu yetu kuna vitu vidogo sana vinavyoitwa kingamwili. Mwili huvitengeneza unapokutana na kitu kigeni: kijidudu cha ugonjwa, minyoo, chanjo, vumbi, chakula, sumu ya nyuki. Kingamwili ni njia ya mwili ya kukumbuka. Mtoto akipata chanjo ya surua, mwili wake unaweka kumbukumbu, na surua ikija inakuta mlango umelindwa.

Kingamwili ziko za aina kadhaa. Leo tunataka mbili tu. Zinaandikwa kwenye karatasi ya maabara kwa herufi IgE na IgG. Tafadhali, mwenye kalamu aandike herufi hizo, kwa maana kuzichanganya kunaweza kumnyima mtoto chakula chake.

IgE ndiyo kingamwili ya aleji. Ilitambuliwa katika miaka ya 1966 na 1967 na makundi mawili ya watafiti yaliyokuwa mbali mbali: Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver, Marekani, na S.G.O. Johansson na Hans Bennich huko Uppsala, Sweden. Mwaka 1968 ikapewa jina hilo. Kazi ya IgE ni kama hii: inakaa juu ya seli fulani zilizo kwenye ngozi, koo, mapafu na tumbo. Mtu mwenye aleji akila kile kitu, IgE inakinasa, na zile seli zinamwaga dawa kali za mwili. Ndipo unaona mabaka yanayowasha, mdomo kuvimba, kutapika, kifua kubana. Haya hutokea upesi, kwa kawaida ndani ya dakika chache hadi saa mbili.

IgG ni kitu kingine. Hiyo mwili hutengeneza kwa wingi kwa mambo ya kawaida, na vyakula tunavyokula kila siku ni miongoni mwake. Ukikutwa na IgG ya maziwa, mara nyingi maana yake ni moja: umekunywa maziwa. Waulizeni wafugaji wa nyuki. Mtu anayeumwa na nyuki mwaka baada ya mwaka na hapati shida huwa na IgG nyingi ya sumu ya nyuki. Mwili wake umezoea. Sasa mtu akija akamwambia, "Wewe una IgG ya nyuki, acha mizinga," si atakuwa amegeuza habari njema kuwa mbaya?

Ile karatasi ya mbuzi wawili ilikuwa ya IgG. Herufi hizo zilikuwepo pale juu, nami nilizipita. Mtoto alikuwa ameandikiwa kama sumu vile vyakula alivyokula nyumbani kwao. Madaktari wa aleji wa Ulaya walitoa tamko mwaka 2008 kwamba kipimo cha IgG ya vyakula kisitumiwe kutambua aleji ya chakula, na wenzao wa Marekani wakasema hivyo hivyo mwaka 2010. Hata hivyo vipimo hivyo vinaendelea kuuzwa, kwa bei ya juu, na kwa maneno matamu.

JINA KATIKA REJISTA

Sasa mtu atasema: "Basi tupime IgE, tumalize maneno." Ngojeni kidogo. Hata IgE ina mambo yake.

Nyinyi nyote mko kwenye vikundi, na kila kikundi kina rejista. Tukienda kujenga bwawa la mchanga pale mtoni, kama mwethya tunavyofanya tangu wazee wetu, katibu anaita majina. Je, jina likiwa kwenye rejista, ni lazima mwenye jina awe amekuja na jembe? Hapana. Rejista inaonyesha kwamba kikundi kinamjua mtu huyo. Kama amebeba mawe au hakubeba, utajua kwa kuangalia pale mtoni.

Kipimo cha IgE ni rejista. Kikipatikana, maana yake mwili unakijua kile kitu na umekiandika. Lakini kama mwili unakipiga vita, hilo utalijua kwa kuangalia yaliyotokea mtu alipokila. Wako watu wengi wenye IgE ya maziwa au njugu wanaokula vitu hivyo maisha yao yote bila hata kukohoa. Hao hawana aleji. Wana jina kwenye rejista tu.

Tufanye hesabu kidogo. Huu ni mfano tu wa kujifunzia. Tuseme kijiji kina watoto 100, na wawili kati yao wana aleji ya kweli ya maziwa. Tunawapima wote. Kipimo kinawakamata wale wawili. Lakini kinawakuta na IgE ya maziwa watoto wengine 15 wasio na shida yoyote. Karatasi zilizoandikwa "imepatikana" ni ngapi? Ni 17. Wagonjwa ni wangapi? Wawili. Tukiwanyima maziwa wote 17, tumewaumiza watoto 15 ili kuwasaidia wawili. Lakini tukianza kwa kuuliza akina mama ni mtoto gani huvimba akinywa maziwa, kisha tukampima huyo, kipimo kile kile kinakuwa na faida kubwa.

Kwa hivyo kumbukeni: kipimo hujibu swali. Usipokuwa na swali, jibu lake linakupoteza.

MINYOO HUCHAFUA REJISTA

Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo hulitaja kwa haraka. IgE si ya aleji peke yake. Ni silaha ya mwili dhidi ya minyoo na kichocho. Mtoto mwenye minyoo anaweza kuwa na IgE nyingi sana katika damu, na asiwe na aleji hata moja.

Watafiti waliwalinganisha watoto wa Kabati, mashambani, na watoto wa mji wa Thika, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Jumla ya IgE katika damu ya watoto wa Kabati ilikuwa karibu mara kumi ya ile ya watoto wa Thika. Kama theluthi mbili ya watoto wa Kabati walikuwa na IgE ya minyoo ya askaris, ile mirefu ya tumboni. Katika sehemu zote mbili, zaidi ya nusu ya watoto walionyesha alama walipochomwa ngozi kupimwa aleji ya vitu kama wadudu wa vumbi na mende. Lakini ni mjini Thika tu ambako alama hizo zilienda sambamba na pumu. Kule mashambani kipimo kilionyesha kitu, na ugonjwa haukufuata.

Kule Ghana nako, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, karibu watoto wa shule 18 katika kila 100 walikuwa na IgE ya njugu karanga. Walipopimwa kwa ngozi, ni wawili tu katika kila 100 waliotoa alama. Wengi wa wale wengine mwili wao ulikuwa unajibu aina ya sukari iliyoko kwenye njugu na kwenye mimea mingi, ambayo inafanana na ile iliyoko kwenye kichocho. Ni kama katibu aliyeandika jina la ndugu mmoja, na ndugu mwingine akaitwa kwa sababu sura zinafanana.

Kwa hivyo mtoto wa huku kwetu akiambiwa "IgE iko juu", swali la kwanza ni hili: je, amepewa dawa ya minyoo? Mkojo una damu? Anaogelea kwenye maji yaliyosimama?

KUSOMA NAMBARI

Kwenye karatasi ya IgE, mbele ya kila kitu kuna nambari na herufi kU/L. Kwa miaka mingi maabara zimeanza kuhesabu kutoka 0.35. Chini ya hapo huandikwa daraja 0. Kutoka 0.35 hadi 0.7 ni daraja la 1, hadi 3.5 ni la 2, hadi 17.5 ni la 3. Hadi 50 ni la 4. Hadi 100 ni la 5. Na zaidi ya 100 ni la 6.

Nambari hiyo inasema nini? Kadiri inavyopanda, ndivyo uwezekano wa aleji ya kweli unavyoongezeka. Haisemi mtu ataugua kwa ukali kiasi gani. Mtu wa daraja la 2 anaweza kuzimia kwa kipande kidogo cha njugu, na mwingine wa daraja la 4 akawashwa midomo tu. Msiseme "yangu ni ndogo, haina neno", wala "yake ni kubwa, atakufa".

Na ikiwa karatasi inasema haikupatikana? Mara nyingi hiyo ni habari njema. Lakini kama mtu alivimba koo kweli baada ya kula kitu au kuumwa na nyuki, asijijaribu tena nyumbani kwa sababu karatasi ni safi. Kipimo nacho hukosea. Kwa nyuki, kikifanywa upesi mno baada ya kuumwa kinaweza kutoonyesha kitu. Ndiyo maana mtu huambiwa arudi kupimwa baada ya wiki nne hadi sita.

SI KILA KINACHODHURU NI ALEJI

Kuna watu wazima wengi ambao wakinywa maziwa mabichi tumbo hunguruma na kuharisha. Wengi wao hawana aleji. Tumbo lao limepungukiwa na kile kiyeyusho cha sukari ya maziwa. Mara nyingi huweza kunywa kidogo, au maziwa yaliyoganda, bila shida. Kipimo cha kingamwili hakiwezi kuonyesha jambo hilo.

Pia kuna sumu. Sisi wa Kitui na Makueni hatuhitaji kukumbushwa mwaka 2004. Mahindi yaliyoota kuvu yalikuwa na sumu ya aflatoksini. Watu 317 walihesabiwa kuugua na 125 kati yao wakafa, na wilaya zetu hizi mbili ndizo zilizoumia zaidi. Ile haikuwa aleji. Shikeni kanuni hii rahisi: watu wa sufuria moja wakiugua pamoja, fikirini sumu au uchafu. Aleji humchagua mmoja mezani na kuwaacha wengine wakiendelea kula.

HATARI YA KWELI

Sitaki mtu aondoke hapa akisema, "Dada huyo ametuambia aleji ni uongo." Hapana! Aleji inaua, na inaua upesi.

Sisi ni watu wa mizinga. Asali ya Kibwezi na ya Mwingi inajulikana mbali. Mfugaji mmoja wa upande wa Makueni aliumwa na nyuki mmoja tu shingoni. Mwaka uliotangulia alikuwa amevimba mkono wote na kutokwa na mabaka mwili mzima, akanyamaza. Safari hii sauti ilikauka, akaanza kukoroma kwa kukosa pumzi, macho yakageuka. Mwenzake hakungoja. Alimpakia kwenye pikipiki, na mtu mwingine akimshikilia nyuma, hadi kituo cha afya. Pale alidungwa sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Baada ya dakika chache akaanza kusema. Mzee huyu yuko hai. Mizinga amemwachia mwanawe.

Dalili ni hizi. Mtu ameumwa na mdudu, amekula kitu au amedungwa dawa, kisha muda mfupi baadaye:

- koo au ulimi unavimba, sauti inabadilika;
- anapumua kwa shida au kifua kinapiga filimbi;
- anazimia, au anakuwa baridi na mnyonge;
- anapata mabaka mwili mzima pamoja na kutapika sana.

Mpelekeni mara hiyo hiyo. Msingoje kesho, wala msianze kutafuta maziwa ya kumnywesha. Mlazeni na kumwinulia miguu. Kama pumzi ndiyo shida, mwacheni akae. Asisimamishwe ghafla wala asitembezwe. Mwiba wa nyuki uondolewe upesi, kwa kucha au kwa chochote kilicho karibu. Mkifika, semeni wazi: "Ni aleji, pumzi imebana." Dawa ya kwanza ni adrenalini. Vidonge vya kuwasha havitoshi kuokoa maisha.

Mzee yule alipimwa damu baadaye, na IgE ya nyuki ikapatikana. Angalieni mpangilio: yaliyotokea yalitangulia, kipimo kikaja kuthibitisha. Huo ndio utaratibu.

VIKUNDI VIFANYE NINI?

Mimi si daktari, na nimewaambia kosa langu. Lakini haya nayajua sasa, na kikundi chochote kinaweza kuyafanya.

1. Kabla ya kuuza mbuzi, nunueni daftari. Mtoto akipata shida, mama aandike au aandikiwe: alikula nini, kiasi gani, dalili zilianza baada ya muda gani, zilikuwa zipi, na kama zilitokea tena alipokula kitu kile kile. Daftari hilo lina thamani kuliko orodha ya vyakula 40 kutoka maabara.

2. Mtu akiwapimia damu, ulizeni maswali matatu. Ni IgE au IgG? Tunapima kitu gani, na kwa nini hicho? Ni nani atakayetueleza majibu, naye amesikia habari za mtoto? Akishindwa kujibu, bakini na pesa zenu.

3. Msimwondolee mtoto vyakula vingi kwa sababu ya karatasi. Kama alikuwa akila kitu bila shida, hiyo ni ushahidi mkubwa kuliko nambari. Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha. Kumnyima mtoto chakula anachokivumilia kunaweza hata kuleta aleji ambayo hakuwa nayo, hasa mtoto mwenye ukurutu. Kule London watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2015: waliolishwa njugu mapema walipata aleji ya njugu mara chache sana kuliko walionyimwa. (Mtoto mdogo apewe njugu zilizosagwa laini. Nzima humpalia.)

4. Ikiwa tayari mtoto amenyimwa vyakula, msivirudishe vyote kwa siku moja. Nendeni na daftari kwenye kituo cha afya, virudishwe kimoja kimoja kwa ushauri. Na kile kilichomvimbisha mdomo au kumbana pumzi kisijaribiwe nyumbani kabisa.

5. Pimeni mikono ya watoto. Mhudumu wa afya wa kijiji ana ule ukanda. Manjano ni onyo, nyekundu ni mbio.

6. Mtoto mwenye aleji ya mayai asinyimwe chanjo ya surua. Chanjo hiyo ni salama kwake. Mwambieni muuguzi tu.

7. Wenye mizinga, jueni mapema ni kituo gani kina adrenalini, na ni pikipiki ya nani itapatikana usiku.

MWISHO WA HABARI YA MTOTO

Mtaniuliza yule mtoto aliishia wapi. Alilazwa. Alipewa maziwa ya matibabu kidogo kidogo, na hakuwashwa wala kuvimba. Akapewa dawa ya minyoo. Ngozi ikatambuliwa kuwa ni ukurutu, akapakwa mafuta na dawa yake. Vyakula vikarudishwa kimoja kimoja. Damu ikapimwa tena, mara hii IgE ya yai peke yake, na ikapatikana. Hakuna aliyeshangaa. Alirudi nyumbani akila ndengu, muthokoi na maziwa, na katazo moja tu. Hata hilo waliambiwa walirudie hospitalini baada ya mwaka, maana watoto wengi huachana na aleji ya mayai wanapokua.

Nilikwenda kuwatembelea. Ile orodha yangu ilikuwa bado ukutani jikoni, imekuwa nyeusi kwa moshi. Nikamwomba mama ruhusa niitoe. Akacheka, akaniambia, "Toa wewe mwenyewe, ndiwe uliyeandika." Nikaitoa. Alama ya gundi ipo pale mpaka leo.

Akina mama, yule aliyeketi na mtoto akila ndiye shahidi wa kwanza. Sisi tuliosoma kidogo, kazi yetu ni kumwuliza kabla hatujashika kalamu.



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, katika kijiji chetu kuna mtoto au mtu mzima aliyekatazwa vyakula kwa sababu ya kipimo cha damu? Anakula nini sasa, na mkono wake umepimwa?

2. Ni mara ngapi tumeita "aleji" jambo ambalo huenda lilikuwa minyoo, chakula kilichoota kuvu, au tumbo lisilopatana na maziwa?

3. Mtu akibanwa pumzi leo usiku baada ya kuumwa na nyuki, tutampeleka wapi, kwa njia gani, na nani atalipa? Andikeni jibu kwenye kitabu cha kikundi kabla ya kufunga mkutano.